Tumekataliwa mara saba, ya nane tukapata: shirika dogo la Chamwino na safari ya kuomba ruzuku

Mama Kiti

Mbukwenyi wakuu.

Kwa miaka nimekuwa mtu wa kusoma na kupita. Leo nimeona nifungue uzi. Juzi nilikuwa kwenye stesheneri moja pale Jamatini, nasubiri kuskani mkataba wa ruzuku. Pembeni yangu kijana anatoa nakala za katiba ya shirika lake. Akachungulia karatasi yangu, akaona nembo, akaona tarakimu, akaniuliza kwa adabu kabisa: "Samahani mama, nyie mlimjua nani?"

Nilicheka. Lakini njia nzima ya kurudi swali likanikaa, maana miaka mitatu iliyopita mimi mwenyewe ningeuliza hivyohivyo.

Shirika letu ni dogo. Wafanyakazi watatu, pikipiki moja, ofisi ya vyumba viwili vya kupanga. Tunafanya kazi na wazazi wenye watoto wenye mtindio wa ubongo katika vijiji sita vya wilaya ya Chamwino, upande wa Chilonwa. Kazi yenyewe haina makuu: mtaalamu wa mazoezi ya viungo anakwenda vijijini mara mbili kwa mwezi, wazazi wanafundishwa kumkalisha mtoto, kumlisha bila kumpalia, kumnyoosha misuli. Fundi seremala wetu anatengeneza viti vya mbao vyenye mkanda na meza ya mbele. Mtoto aliyekuwa analala chali kwenye mkeka kutwa nzima anakalishwa, anaona watu wanapita barabarani. Basi. Hiyo ndiyo kazi.

Tuliomba ruzuku mara saba tukakosa. Ya nane tumepata. Nitasimulia pamoja na aibu zetu, ila vipande vipande. Jina la shirika silitoi, wala la mfadhili yeyote, wa waliotukataa wala wa aliyetupa.

Bahi Road

Nimetandika mkeka. Shusha mama.

Mpita Njia

Huyo kijana ameuliza swali la msingi na wewe utatuzungusha mpaka kesho. Haya, endelea.

Mama Kiti

Sawa. Tuanze na kukosa, kuna utajiri mwingi huko.

Maandiko matatu ya kwanza ya kuombea ruzuku hatukuandika sisi. Tulichanga laki nane tukamlipa mtaalamu wa Dar. Akatuletea andiko lenye Kiingereza cha kung'aa, kurasa 27, majedwali ya rangi. Sisi watatu tulilipitisha kwa heshima, kama watu wanaopitisha muswada wasiouelewa. Likakataliwa. Akabadilisha jalada, tukapeleka kwingine, likakataliwa. La tatu vilevile. Baadaye sana mhasibu wetu alilisoma neno kwa neno akakuta ukurasa wa 11 tumeahidi kuinua "jamii za wavuvi". Najua mtaniambia Chamwino inafika mpaka bwawa la Mtera na kule wavuvi wapo. Wapo, ndiyo. Lakini vijiji vyetu viko upande wa Chilonwa, samaki tunayemjua amekuja kwa basi akiwa ameshakauka.

Kumbe mtaalamu alikuwa na andiko moja la kanda ya ziwa, analizungusha nchi nzima.

La nne tuliandika wenyewe. Tukafa kwa saa. Fomu ilisema mwisho ni 12:00, saa za Brussels. Mimi Mswahili wa watu nikasoma saa sita usiku. Saa tatu usiku nafungua kompyuta nipakie viambatisho, ukurasa umefungwa tangu saa nane mchana, maana 12:00 ile ilikuwa adhuhuri yao, na ilikuwa Novemba, wao wako nyuma yetu saa mbili. Nilikaa nikiitazama ile skrini kama mtu aliyeachwa na treni.

La tano tulikosa kwa sababu hatukuwa na hesabu zilizokaguliwa. La sita, bajeti haikujumlika. Kweli kabisa: jumla ya ukurasa wa mwisho na jumla ya jedwali zilipishana kwa milioni moja na laki nne.

La saba ndilo lililoniuma, kwa kuwa andiko lilikuwa zuri. Tuliomba milioni 240. Mwaka ambao tulishika pesa nyingi kuliko yote tangu tuanzishwe tulikuwa tumepitisha milioni 11. Yule mfadhili, Mungu ambariki, alikuwa wa kwanza kutujibu kwa maneno yake badala ya ile barua ya "tunasikitika kukufahamisha". Akaandika mistari miwili tu: kazi yenu tumeipenda, ila hatuoni mtu wa kuishika pesa hii ndani ya shirika lenu. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikahesabu: tuna mhasibu mmoja wa nusu siku na kabati lisilo na kufuli.

Vumbi la Ihumwa

Hapo kwa jamii za wavuvi nimecheka mpaka mke wangu amekuja kuangalia kuna nini.

Binti Kondoa

Dada, naomba niongezee kidogo, maana niliwahi kukaa upande wa pili wa meza. Miaka kadhaa nyuma nilialikwa kuwa mmoja wa wasomaji wa maombi kwenye mfuko mmoja. Watu wanadhani tunakaa kwenye kiyoyozi tunatafuta jina la kumfurahisha bosi. Hali halisi: unapewa mafaili arobaini na siku tano. Kabla hayajafika kwako, karani ameshatoa yale yasiyo na cheti, yasiyo na hesabu, yaliyozidi kurasa. Hapo karibu nusu imekwenda na hakuna aliyesoma sentensi moja ya shida za wananchi.

Yanayobaki unayasoma usiku, umechoka. Kila moja linaanza na umaskini wa Tanzania kwa ujumla, kisha "ikumbukwe kwamba". Wewe unachotafuta ni kijiji. Ukikuta jina la kijiji na idadi ya kaya kwenye aya ya kwanza, unakaa vizuri kwenye kiti.

Na takwimu, jamani. Mashirika ya kupinga ukeketaji yaliyokuja mbele yangu karibu yote yaliandika kwamba Dodoma asilimia 47 ya wanawake wamekeketwa. Hiyo ni ya utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015-16. Wa 2022 ulishatoka, na Dodoma ikasomeka 18, taifa likashuka kutoka 10 hadi 8. Mtu akileta 47 najua amenakili andiko la zamani. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba hiyo 18 ingemsaidia kuliko 47, kwa sababu angeweza kuuliza: imeshuka kweli, au watu wameanza kuificha na kuwakeketa wakiwa wachanga? Hapo ungekuwa na andiko.

Mama Kiti

Binti Kondoa umenigusa. Sisi tulikuwa tunaandika ile asilimia 11.2 ya watu wenye ulemavu, ya sensa ya 2022. Mhasibu wetu (huyu mama anasoma kila kitu) ndiye aliyeona kwamba hiyo hesabu ni ya watu wa miaka 7 na kuendelea. Watoto wetu wengi wako chini ya miaka 7. Yaani tulikuwa tunajenga hoja ya watoto wetu kwa takwimu isiyowahesabu. Kwenye andiko la nane tuliandika hivyohivyo: kwamba hawamo, na kwamba kwa hiyo tumewahesabu sisi wenyewe, nyumba kwa nyumba, vijiji sita, tumepata 83.

Hiyo sentensi, nimeambiwa baadaye, msomaji mmoja aliipigia mstari.

Kijana wa Nkuhungu

Mama shikamoo. Naomba kuuliza, kuna mtu ananiambia ataniandikia bure halafu nikipata nimpe asilimia 10 ya ruzuku. Ni halali?

Mama Kiti

Marahaba mwanangu. Kimbia.

Fikiria tu utaiweka wapi hiyo asilimia 10 kwenye vitabu. Pesa ya ruzuku imepangiwa mstari kwa mstari: viti, nauli, posho ya mtaalamu. Hakuna mstari wa "aliyetuandikia", na wafadhili wengi hawalipi gharama iliyofanyika kabla ya mkataba kusainiwa. Kwa hiyo utalazimika kughushi risiti ya kitu kingine, na ukighushi moja umeshauza shirika. Kama unamtaka mtu akusaidie kuandika, mlipe ujira wake wa kazi kutoka mfukoni mwenu, mkikosa au mkipata. Na akae na nyie wiki nzima kijijini. Akikataa kuja kijijini umeshapata jibu.

Kaka Hesabu

Mimi ni mhasibu, nipo Area D, nimekagua mashirika mengi ya mkoa huu. Naomba niseme kwa lugha ya kawaida mambo yanayowaangusha.

Kwanza mishahara. Mtu anaandika kwenye bajeti 600,000 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, wafanyakazi watatu, miezi 12, amemaliza. Mchango wa mwajiri NSSF asilimia 10 uko wapi? Mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, nusu asilimia, uko wapi? Hiyo ni 63,000 kwa kila mtu kwa mwezi, mara watatu, mara 12, unapata 2,268,000. Haimo kwenye bajeti. Mwezi wa nne wanaanza kuitoa kwenye pesa ya semina, na mkaguzi nikija naandika hoja ya ukaguzi.

Pili kodi ya zuio. Unapanga ofisi, unatakiwa kukata asilimia 10 ya kodi ya pango uipeleke TRA. Unamlipa mtoa huduma, asilimia 5. Mashirika yanasema "sisi hatulipi kodi, ni NGO". Nani kakuambia? Kuwa na cheti cha Msajili wa NGO hakukufanyi uwe taasisi ya hisani mbele ya sheria ya kodi ya mapato. Hilo unaliomba TRA kivyake, unapewa uamuzi kwa maandishi. Na hata ukipewa, kodi ya mshahara wa mfanyakazi inabaki palepale, kwa yeyote anayezidi 270,000 kwa mwezi.

Tatu, mkaguzi awe amesajiliwa na NBAA, ile bodi ya wahasibu na wakaguzi. Nimekuta hesabu "zilizokaguliwa" na binamu wa mwenyekiti.

Bahi Road

Kaka Hesabu, bei yenu nyie wakaguzi ndiyo inatuua. Shirika halina hata milioni tano utaniambia nilipe milioni mbili za ukaguzi?

Kaka Hesabu

Ndiyo maana nakuambia njoo na vitabu vilivyopangwa. Nikikuta voucha ziko kwenye faili kwa tarehe, namaliza siku mbili. Nikikuta mfuko wa rambo umejaa risiti za mafuta zilizofutika, hiyo ni wiki. Unanilipa kwa ajili ya rambo lako, siyo kwa ajili ya ukaguzi. Risiti za mashine zinafifia wakuu, zitoeni nakala siku hiyohiyo.

Treni ya Alfajiri

Nasoma kimyakimya toka asubuhi. Mimi nilikuwa kwenye mradi uliokuwa unalipwa na pesa ya Marekani. Tarehe 20 Januari 2025 amri ikatoka ya kusitisha misaada kwa siku 90, sisi tukaambiwa tusimamishe kazi palepale. Gari liko Kongwa na maboksi ya vitabu vya mafunzo ndani, dereva anapiga simu anauliza arudi au ashushe. Siku 90 zikapita. Julai mosi mwaka ule USAID yenyewe, shirika lao la misaada, ikafunga shughuli zake.

Kinachonichekesha mpaka leo: Oktoba 2024 ndiyo Wamarekani walikuwa wamepandisha kile kiwango cha gharama za uendeshaji unachoruhusiwa kuweka kwenye bajeti bila masharti mengi, kutoka asilimia 10 hadi 15. Mkurugenzi wetu alifurahi, tukapanga kununua jenereta. Miezi minne haikuisha bomba likafungwa.

Nilichojifunza sikukisikia kwenye semina yoyote. Shirika letu lilikuwa na bajeti ya mamilioni mengi lakini kila kitu, mpaka kodi ya ofisi na mshahara wa mlinzi, kilikuwa ndani ya mradi mmoja. Jirani yetu shirika dogo lenye wafadhili wanne wa vijisenti bado lipo. Kwa hiyo wewe mama wa milioni 32, au sijui ni ngapi, usione ni kidogo.

Mama Kiti

Umejuaje milioni 32? Ndiyo hizo hizo hasa. Umebahatisha au tunafahamiana?

Treni ya Alfajiri

Nimebahatisha wallahi.

Mama Kiti

Haya. Sasa nisimulie la nane.

Nirudi nyuma kidogo. Baada ya kukataliwa la saba tulikaa miezi tisa bila kuomba popote. Watu wa bodi walinung'unika. Miezi hiyo tulifanya vitu vya kuchosha: tukalipa ada za mwaka za Msajili tulizokuwa tumelimbikiza, tukaingiza taarifa za miaka ya nyuma kwenye mfumo, tukanunua kufuli. Mjumbe wa bodi aliyekuwa shemeji yangu akajiuzulu kwa hiari yake, tukamweka mwalimu mstaafu asiye ndugu wa mtu. Tukabadilisha saini za benki ziwe za watu watatu, wawili lazima. Tukalipa ukaguzi kwa pesa ya harambee ya wazazi na mchango wa padre mmoja. Hakuna hata moja la kupigia picha.

Kisha kuna daftari.

Katika kijiji kimoja, katibu wa kikundi cha wazazi ni mama wa darasa la saba, ana mtoto wa miaka mitano. Hatukumwagiza. Yeye mwenyewe alinunua kaunta buku akawa anaandika kila siku ya mazoezi: nani amekuja, nani hajaja na kwa nini, mtoto gani amefanya nini kipya. Nilikuja kuliona kwa bahati, alilitumia kupepea moto. Nikasoma: "Tar 14. Mtoto wa Mzee wa kisimani amekaa bila kushikwa mpaka chai imechemka." Wiki tatu baadaye: "amekaa mpaka ugali umeiva." Halafu: "Ameshika kijiko mwenyewe, amemwaga, lakini ameshika."

Wakuu, miaka yote tunalipa watu kutuandikia viashiria vya mafanikio, na viashiria viko jikoni kwa mama mmoja.

Tulikaa naye, tukapima chai yake inachemka dakika ngapi kwa kuni za pale. Zikawa kama dakika 9. Ugali wa uwele 20 na kitu. Tukaenda vijiji vingine vitano na kaunta buku tano. Kwa miezi saba tukawa na rekodi ya watoto 83, na kwenye 83 hao 31 walikuwa wameongeza muda wa kukaa wenyewe. Wengine 40 hawajabadilika. 12 tuliwapoteza kwenye rekodi: familia zilihama kufuata vibarua, na wawili walifariki. Tuliandika yote hayo. Mjumbe mmoja wa bodi alisema tusiandike waliokufa, tutaonekana tumeshindwa. Tulibishana jioni nzima. Tukaandika.

Wito wa kuomba ulipotoka ulikuwa wa ruzuku ndogo, wa mfuko wa ndani ya nchi, na Kiswahili kiliruhusiwa. Kurasa tano. Tuliandika kwa Kiswahili chetu cha huku. Aya ya kwanza ilianza na ile chai. Tukaomba milioni 32 kwa mwaka mmoja: viti 60, mtaalamu, mafunzo ya wazazi kumi watakaofundisha wenzao, mishahara na michango yake yote (Kaka Hesabu, imo), na ukaguzi wa mwisho wa mwaka.

Vumbi la Ihumwa

"Mpaka chai imechemka." Hii nitaiiba.

Mpita Njia

Hadithi nzuri sana, inaliza. Lakini hujajibu swali la kijana. Mashirika mangapi yana madaftari mazuri na hayapati kitu? Mimi nimekaa mji huu tangu haujawa jiji. Najua nani anakula na nani. Wito unatangazwa Jumatatu, mtu ana andiko kamili Jumatano. Aliupata wapi?

Mama Kiti

Mpita Njia, nilijua utarudi, na sitakudanganya. Kujuana kupo. Hata sisi tulijulikana.

Mwaka mmoja kabla ya wito kulikuwa na mkutano wa mashirika hapa mjini. Mnajua faida ya kukaa Dodoma siku hizi: Msajili yuko Mtumba, wizara ziko Mtumba, hata Wiki ya AZAKI, yaani ya asasi za kiraia, ilipoanza 2018 ilifanyika hapahapa. Shirika la Sumbawanga linalipa nauli na malazi, sisi tunapanda daladala. Basi tulibeba kiti kimoja cha mbao kwenye bajaji tukakiweka korido, karibu na meza ya chai, maana nafasi ya banda tulishindwa kulipia. Watu walikuwa wanakikalia! Wazima, wenye suti. Katika kusimama pale kukieleza, alipita dada mmoja akauliza mkanda unatengenezwa na nini. Nikamwambia ni mipira ya ndani ya tairi za pikipiki, na kwamba ule wa nailoni ulikuwa unawakata watoto ngozi. Akaandika. Hakuniachia hata kadi.

Alikuwa mmoja wa waliokuja kutukagua baada ya andiko kupita hatua ya kwanza. Akakikumbuka kiti.

Sasa wewe uite kujuana, sikukatalii. Sikumlipa soda.

Mpita Njia

Umeona? Nilisema.

Binti Kondoa

Mpita Njia una haki nusu. Ile ya Jumatatu na Jumatano nimeiona kwa macho yangu. Lakini pia nimeona aliyekuwa na andiko Jumatano kwa sababu lilikuwa limekaa tayari mwaka mzima kwenye kompyuta, anabadilisha kichwa tu na bajeti. Kutoka nje vinafanana.

Kijana wa Nkuhungu

Mama, huo ukaguzi wao ulikuwaje?

Mama Kiti

Siku mbili. Siku ya kwanza ofisini, na nilidhani watauliza kuhusu watoto. Hawakuuliza. Walitaka voucha ya miezi 14 nyuma, ya ununuzi wa mbao. Tukaitoa. Wakataka kujua kwa nini tulinunua kwa fundi yule na siyo mwingine, bei tatu za kulinganisha ziko wapi. Hatukuwa nazo. Mhasibu akasema hatukuwa nazo. Nilimtazama kwa jicho kali, lakini yule ofisa akaitikia kwa kichwa tu akaandika. Baadaye kwenye mkataba wakaweka sharti: bei tatu kwa kila ununuzi unaozidi laki tano. Hawakutunyima.

Wakaomba mihtasari ya vikao vya bodi. Wakasoma. Wakakuta ule ubishi wetu kuhusu watoto waliofariki umeandikwa. Yule mwalimu mstaafu ndiye katibu wa bodi na anaandika kila kitu, mpaka nani alisinzia.

Siku ya pili kijijini. Walikataa kwenda na sisi, walichukua bodaboda zao. Wakawauliza wazazi swali moja nililolisikia baadaye: "Leo mmelipwa nini kuja?" Wazazi wakajibu hawajalipwa, tena mmoja akaongeza kwa ukali kwamba sisi tunachelewa sana na mtaalamu hakuja mara mbili mwezi wa masika. Ni kweli, korongo lilikuwa limejaa.

Mzee wa Makutupora

Nyie mnahangaika na wazungu wakati halmashauri ina ile asilimia 10 ya mapato yake ya kuwapa vikundi. Si mkachukue huko?

Mama Kiti

Shikamoo mzee. Ile ni mkopo, hauna riba lakini unarudishwa, na unapewa kikundi cha wanawake, vijana au watu wenye ulemavu chenye shughuli ya kuzalisha, asilimia nne, nne na mbili. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Wazazi wetu wa kijiji kimoja wamejiunga wakaomba kwa ajili ya alizeti, na nawaombea. Ila kiti cha mtoto hakizai pesa ya kurejesha.

Treni ya Alfajiri

Nyongeza mbili za haraka nisisahau. Kwanza, jihadharini na ujumbe wa WhatsApp unaosema umepata ruzuku lipa "ada ya kuchakata". Mfadhili wa kweli hakutozi. Hata kujiandikisha kwenye ule mfumo wa serikali ya Marekani, SAM, ni bure. Najua mtu alilipa dola mia kadhaa kwa kampuni ya mtandaoni.

Pili, dola. Ukipata ruzuku ya kigeni weka nafasi ya kupumua. Mwishoni mwa 2024 shilingi ilipanda thamani, dola ikatoka zaidi ya 2,700 mpaka karibu 2,400. Mwenye dola 30,000 aliyepanga milioni 81 aliona zinaingia 72. Milioni tisa zimeyeyuka na hakuna aliyeiba.

Bahi Road

Mama Kiti, mkataba ule ulikuwa unauskani wa nini? Si umeshasainiwa?

Mama Kiti

Swali zuri, nilisahau. Ukipata zaidi ya milioni 20, kanuni za 2018 zinataka mkataba upelekwe Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10 baada ya kusaini. Nilikuwa siku ya saba. Wengi husherehekea wiki mbili za kwanza, wanakumbuka wakati wa taarifa ya mwaka.

Kijana wa Nkuhungu, kama ni wewe yule wa stesheneri, nakuomba radhi, nilikucheka. Nitafute, nikupe fomu yetu ya kuhesabu kaya, ibadilishe utakavyo.

Kijana wa Nkuhungu

Siyo mimi mama, ila nakuja inboksi.

Binti Kondoa

Daftari lenyewe liko wapi sasa? Yule mama analo?

Mama Kiti

La kwanza liko ofisini, kabatini, kwenye kabati lenye kufuli. Mfadhili alitaka kulichukua akalionyeshe kwao, mama akakataa, akasema piga picha. La pili limeliwa na mchwa pembeni, kurasa za Machi. Kaka Hesabu, hiyo nayo tumeiandikia maelezo tukaweka saini mbili. Anaendelea na la tatu. Safari hii ameomba kalamu za rangi, wino wa bluu unafifia.